Miguu Inayoshuka na Mzigo: Jinsi Mwili Unavyoandaliwa kwa Msimu Mgumu wa Uwindaji

Anayewinda wanyama wakubwa kwa miguu, mbali na barabara, anajua kuwa mnyama akishaanguka ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tuchukue mfano wa elki dume, yule mnyama mwenye pembe za matawi anayeishi milimani Amerika Kaskazini, mwenye uzito wa kilo 300 hivi akiwa hai. Akichunwa na nyama yake ikatolewa mifupani, hubaki nyama tupu ya takriban kilo 100. Mtu mmoja akiigawa katika mizigo minne ya kilo 25, na gari likiwa kilomita 3 kutoka mahali alipoangukia mnyama, atatembea kilomita 12 akiwa amebeba na kilomita 9 akirudi mtupu kuchukua mzigo unaofuata. Jumla ni kilomita 21, kabla ya kuhesabu pembe, ngozi, bunduki na maji ya kunywa, na kabla ya kukumbuka kwamba siku hiyo hiyo alikuwa ameamka kabla ya alfajiri na kupanda mlima kwa saa tano. Nyama nayo haimsubiri, kwa sababu joto likipanda huanza kuharibika.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mazoezi yote ya msimu, na ndiyo ambayo wengi wetu huisahau. Mtu hujiandikisha kwenye ukumbi wa mazoezi mwezi mmoja kabla ya msimu, hukimbia kilomita tano kwa kasi mara tatu kwa wiki, hutoka jasho jingi, na huamini kuwa yuko tayari. Mazoezi hayo si mabaya, lakini yanamwandaa kwa kazi nyingine. Mbio za kilomita tano huisha ndani ya nusu saa, kwenye njia iliyonyooka, bila mzigo, na mkimbiaji hurudi nyumbani kulala. Siku ya uwindaji huchukua saa nane hadi kumi za mwendo wa polepole unaokatizwa na vipindi vifupi vya kujikaza sana, juu ya mawe na magogo, na kesho yake huanza upya, pengine kwa siku saba mfululizo, huku usingizi ukiwa haba. Kwa hiyo swali la msingi ni mtu anaweza kufanya kazi ya wastani kwa muda gani, na kesho yake akairudia. Kasi yake ni jambo la baadaye.

Msingi wa uwezo huo umo katika namna misuli inavyotumia nishati. Mwili una akiba mbili kubwa. Ya kwanza ni wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, akiba ambayo kwa mtu mzima haizidi sana kalori 2,000 na ambayo mwendo mkali unaweza kuimaliza ndani ya saa chache. Ya pili ni mafuta, ambayo hata kwa mtu mwembamba ni makumi ya maelfu ya kalori. Mafuta hayachomwi kwa haraka. Yanahitaji oksijeni nyingi na yanahitaji misuli yenye mitokondria ya kutosha, yaani vile viungo vidogo ndani ya chembe vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Mtu anapotembea kwa saa nyingi kwa kasi ya chini, wiki baada ya wiki, misuli yake huongeza mitokondria, mishipa midogo ya damu huongezeka kuizunguka, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Matokeo yake ni kwamba mlima ule ule uliokuwa ukimla wanga wake wote sasa anaupanda kwa kutumia mafuta zaidi, na glaikojeni inabaki kwa ajili ya dakika zile chache anapolazimika kukimbilia ukingo wa bonde kabla mnyama hajapotea.

Kasi inayojenga msingi huu ni ya chini kuliko wengi wanavyodhani, na kipimo chake hakihitaji kifaa chochote: mtembeaji aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza ili avute pumzi. Akianza kujibu kwa neno moja moja, amekwenda kasi mno. Naomba msomaji aamini hili hata kama linaonekana rahisi kupita kiasi, kwa maana kosa kubwa zaidi ninaloliona kwa wawindaji ni kufanya mazoezi yote katika kasi ya katikati, ambayo ni kali mno kujenga msingi na laini mno kujenga nguvu ya mwisho. Saa nne au tano kwa wiki za mwendo wa kuzungumza, moja ya siku hizo ikiwa safari ndefu, pamoja na kikao kimoja tu cha kupanda kilima kwa nguvu mara nne au tano kwa dakika tatu tatu na kupumzika katikati, zinamfaa mtu mwenye afya kuliko kujichosha kila siku.

Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliweka kanuni ya kukadiria muda wa safari ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, yaani karibu kilomita 5, na saa moja ya nyongeza kwa kila futi 2,000, yaani takriban mita 600, za kupanda. Ni kanuni nzuri ya kupangia siku. Hata hivyo haihesabu kushuka, na mtu anayeitegemea peke yake anaweza kufikiri kuwa kushuka hakuna gharama. Ukipima pumzi na mapigo ya moyo, ni kweli kushuka ni rahisi. Gharama yake iko kwenye misuli, na hulipwa kesho yake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Misuli inaweza kufanya kazi kwa namna mbili zilizo kinyume. Unapopanda ngazi, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kufupika huku ikiuinua mwili. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo hurefuka huku ikijikaza, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani kwa kuiachia kamba kidogo kidogo. Kurefuka chini ya mzigo ndiko kunakochana nyuzi ndogondogo za misuli kuliko kazi nyingine yoyote, na ndiko kunakoleta yale maumivu yanayoanza siku ya pili, kufikia kilele chake kati ya saa 24 na 72, na kumfanya mtu ashuke kitandani akishikilia ukuta. Maumivu peke yake yangevumilika, lakini yanakuja pamoja na upungufu halisi wa nguvu: paja lililochanika haliwezi kumzuia mtu anapoteleza, goti hutetemeka, na mguu hutua mahali ambapo hakuukusudia.

Nakumbuka vizuri nilipojifunza hili. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukimbia, na siku ya kwanza nilipanda bila shida yoyote nikiwaacha wenzangu nyuma. Jioni tulishuka mita mia nane tukiwa na vifaa vya kambi mgongoni. Asubuhi iliyofuata, nikiwa kwenye mteremko wa changarawe, nilihisi goti la kulia likitikisika kila nilipolitua, mtikisiko mdogo usioonekana kwa mtu mwingine, na nikajikuta nashuka kwa ubavu, mguu mmoja ukitangulia kila mara kama mtoto anayejifunza ngazi. Siku tatu za safari ile zilipita hivyo. Pumzi yangu ilikuwa nzima kabisa, ila miguu ndiyo iliyokuwa haijaambiwa inakwenda kufanya nini.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza kushuka upesi kuliko inavyojifunza kitu kingine chochote. Kikao kimoja tu cha kushuka kwa wastani huikinga misuli kwa wiki kadhaa, kiasi kwamba ukikirudia kikao hicho hicho baada ya wiki mbili, maumivu huwa madogo sana na nguvu hurudi haraka. Zoezi ninalolipenda halihitaji mlima. Simama juu ya ngazi au sanduku imara lenye kimo cha sentimita 20, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine ukining'inia nje ya ukingo. Kunja goti la mguu uliosimama taratibu, ukihesabu moja hadi nne, mpaka kisigino cha mguu unaoning'inia kiguse sakafu bila kuiegemea, halafu jinyanyue. Tazama goti lako: linapaswa kuelekea kwenye kidole cha pili cha mguu. Likianguka kwa ndani, ni dalili kuwa misuli ya nyonga imechoka au ni dhaifu, na hapo ndipo pa kuacha badala ya kulazimisha idadi. Anza na mara nane kwa kila mguu, rudia mara mbili, siku mbili kwa wiki. Baada ya mwezi ongeza kimo cha ngazi, na baadaye vaa shanta yenye uzito mdogo. Anayeishi karibu na kilima au jengo refu lenye ngazi ana bahati, kwa sababu kushuka kwenyewe ndiko zoezi bora kuliko yote.

Kuhusu mzigo, mwili una kanuni zake ambazo majeshi yamezichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Pandolf na wenzake wawili, watafiti wa jeshi la Marekani, walitoa mlinganyo wa kukadiria nishati anayotumia mtu kwa kuunganisha uzito wa mwili, uzito wa mzigo, kasi, mwinuko wa njia na aina ya ardhi. Kinachovutia katika mlinganyo huo ni jinsi kasi na mwinuko vinavyozidisha gharama ya mzigo: mwenye kilo 25 mgongoni anayepunguza mwendo kidogo kwenye mwinuko huokoa nguvu nyingi kuliko anavyotarajia. Watafiti wa jeshi hilo walionyesha pia kuwa kilo moja iliyovaliwa mguuni hugharimu takriban mara tano ya kilo moja iliyobebwa kiwiliwilini, na ndiyo sababu buti zito kupita mahitaji ni adui wa kimyakimya. Shanta nayo ibebwe na nyonga zaidi kuliko mabega. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mfupa wa nyonga na ukazwe kwanza, mikanda ya mabega ifuate, na nyama nzito iwekwe karibu na mgongo, kimo cha katikati hadi mabegani, si chini kabisa ambako humvuta mtu kinyumenyume.

Mazoezi ya kubeba yaanze na uzito usiozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na katika wiki moja uongezwe uzito au umbali, kamwe si vyote viwili. Sababu ni kwamba moyo na misuli huimarika ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu huhisi ana nguvu ya kubeba kilo 30 wakati kano ya kisigino chake bado ni ile ya mwanzo, na hapo ndipo maumivu ya kisigino au ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu humwondoa msimu mzima. Wapanda milima wana mbinu ya kujaza shanta madumu ya maji, kupanda nayo, kisha kuyamwaga kileleni ili washuke wepesi na kuyanusuru magoti. Ni mbinu nzuri kwa mwezi wa kwanza na wa pili. Mwindaji asiishie hapo, kwa kuwa mzigo wake halisi mara nyingi hushuka: katika wiki sita za mwisho abakishe kwanza nusu ya maji, baadaye yote, mpaka aweze kushuka na kilo 20 au 25 kwa saa moja na kuamka kesho yake akitembea kama kawaida.

Mazoezi ya nguvu yanayobaki ni machache. Kuchuchumaa, kunyanyua mzigo kutoka chini kwa kutumia nyonga na mgongo ulionyooka, kupanda sanduku kwa mguu mmoja, na kubeba uzito mkononi upande mmoja huku mwili ukikataa kuinama, yanatosha kwa vikao viwili vya dakika arobaini kila wiki.

Kuna sehemu ya utayari wa mwili ambayo haihusu mzigo hata kidogo, nayo ni ile sekunde ya kulenga. Mwindaji aliyepanda mita mia moja za mwisho kwa haraka hufika ukingoni moyo ukipiga mara 150 au zaidi kwa dakika, kifua kikipanda na kushuka, na msalaba wa darubini ya bunduki ukicheza juu ya bega la mnyama. Risasi ikitoka wakati huo inaweza kumpasua tumbo au kumvunja mguu, na mnyama akaenda kufa mbali kwa mateso. Silioni hili kuwa jambo dogo. Kwangu mimi ndilo deni kubwa la mwindaji kwa mnyama, na mwili usio tayari hauwezi kulilipa.

Mazoezi husaidia kwa njia mbili. Kwanza, moyo wa mtu aliyejenga msingi hushuka haraka mara tu anaposimama, hivyo dakika moja ya subira humpa utulivu ambao mwingine angehitaji dakika nne kuupata. Pili, kulenga ukiwa umechoka ni ustadi unaofundishika, kama wanavyofanya wachezaji wa baiathloni wanaoteleza kwenye theluji na kusimama kulenga shabaha moyo ukiwa bado juu. Kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusu, na chini ya kanuni zake zote za usalama, acha silaha mezani ikiwa tupu, panda kilima au ngazi mpaka pumzi ibadilike, rudi kwa kutembea, kaa katika mkao utakaoutumia porini, vuta pumzi mbili ndefu, toa ya tatu nusu, na ufyatue katika kile kituo kifupi ambacho kifua kimetulia chenyewe. Ukifanya hivyo mara kumi utajua jambo moja ambalo huwezi kuambiwa na mtu: ni umbali gani usiopaswa kujaribu ukiwa na pumzi hiyo.

Mwinuko wa nchi una masharti yake. Katika mita 3,000 juu ya usawa wa bahari shinikizo la hewa ni karibu asilimia 70 ya lile la pwani, na kila pumzi huleta oksijeni iliyopungua kwa karibu asilimia 30. Utayari wa mwili hauifuti tofauti hiyo. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, takriban mita 2,240 juu ya bahari, Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza mbio hizo na kuanguka bila fahamu. Aliye imara anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko sawa na aliye dhaifu, na pengine huupata zaidi kwa sababu anaweza kupanda haraka. Mwili huanza kupumua kwa kasi zaidi ndani ya saa na siku za kwanza, lakini chembe nyekundu za damu huongezeka kwa wiki nyingi. Kwa hiyo anayetoka nchi tambarare afike siku mbili au tatu mapema, na akivuka mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikafuata, asipande zaidi. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashuke mara moja. Joto, tofauti na mwinuko, huzoeleka kwa siku 10 hadi 14 za kufanya kazi kidogo kidogo ndani yake, kwa maana damu huongeza maji yake na jasho huanza kutoka mapema.

Mambo mawili yasiachwe hadi mwisho. La kwanza ni miguu yenyewe: buti mpya zivaliwe katika safari zote za mazoezi pamoja na soksi zile zile zitakazotumika, na mara tu sehemu ya ngozi inapoanza kuwaka moto, simama uifunike kwa plasta, kwa sababu lengelenge la siku ya kwanza ndilo kidonda cha siku ya nne. La pili ni moyo. Kujikaza ghafla kwa mtu asiyezoea huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na uwindaji hukusanya pamoja baridi, msisimko, mzigo na mwinuko. Aliyevuka miaka 40, mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari, mvutaji sigara, au mwenye historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi. Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho la baridi, si uchovu.

Miezi minne ndiyo muda mfupi ninaoweza kuupendekeza kwa moyo mweupe, na mtu aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi aongeze miwili. Wiki mbili za mwisho punguza kiasi cha mazoezi hadi karibu nusu, bila kuacha kabisa na bila kupunguza ukali wa yale machache yanayobaki. Mwili hautapoteza chochote katika muda huo, nao utatengeneza yote uliyoyabomoa. Safari ya mwisho yenye mzigo mzito ifanyike siku kumi kabla ya kuondoka. Na asubuhi ya kwanza milimani, hata kama miguu inataka kuruka, tembea kwa ile kasi ya kuzungumza sentensi nzima, kunywa maji kabla ya kiu kwa sababu baridi huificha, kula kidogo kila saa, na geuka nyuma ukiwa bado na nguvu ya kushuka.